Cheni Iliyong'arishwa

Kila siku akitoka shuleni, Immaculate alizoea kuvua sare, kula alichoachiwa na mama yake, kisha kufungua dirisha la duka. Duka lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba yao hapo Bongwe, karibu na Ukunda. Ndani mlining'inia tairi, waya za breki, taa na vioo vya pikipiki. Immaculate alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikijua kila kipuri kwa jina lake. Jambo hilo lilimfanya aringe kidogo mbele ya wenzake wa Gredi ya Sita.

Duka hilo lilizaliwa na mchezo. Baba yake, Gedion, alikuwa fundi wa mitambo katika hoteli moja ya Diani, na ugonjwa wake ulikuwa mbio za pikipiki. Kila Jumapili baada ya ibada alivaa viatu vyake virefu akaenda kushindana na wenzake kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya mashamba. Alirudi na mchanga hadi masikioni, na pikipiki imevunjika hiki au kile. Mkewe, Jemima, alilalamika kwamba pikipiki ile inakula kuliko watoto. "Sasa na yenyewe itafute kazi," alimwambia siku moja. Maneno hayo yalimwingia Gedion. Wenzake wa mbio walikuwa wakimwagiza vipuri kila alipokwenda Mombasa, basi akaanza kuleta vya ziada na kuviuza. Waendeshaji wa bodaboda waliposikia, nao wakaja.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Gedion hakuchoka kulirudia: kitu kilichotumika mbioni hakiuzwi. Mchanga wa uwanjani hula chuma, alisema, na kwa nje huwezi kuona. Cheni na breki za pikipiki yake zilipochakaa zilitupwa kwenye debe la vyuma vikuukuu, zikamngoja mnunuzi wa vyuma. Mteja akitaka kitu ambacho hakipo, aambiwe hakipo, aje kesho.

Immaculate hakupenda kusema hakipo. Aliona kwamba kila mteja anayeondoka mikono mitupu anaondoka akimcheka, kana kwamba yeye ni mtoto anayecheza duka. Kiburi hicho kidogo ndicho kilichomponza.

Ijumaa moja baba na mama wakiwa kazini, alikuja Boga. Boga alikuwa kijana wa bodaboda, kaka yake Zainabu, na Zainabu alikaa dawati moja na Immaculate. Kila asubuhi Boga aliwapeleka shuleni Zainabu na watoto wawili wadogo wa jirani. Siku hiyo cheni ya pikipiki yake ilikuwa imelegea vibaya na alitaka nyingine. Cheni zote dukani zilikuwa zimeuzwa. Kabla Immaculate hajajibu, Boga alisema kwamba kama hakuna, ataenda kwenye duka kubwa la Ukunda, kule hakukosekani kitu.

"Ngoja, Kaka Boga," Immaculate akasema. "Ipo moja huku nyuma."

Nyuma ilikuwepo cheni ya pikipiki ya mbio, juu kabisa ya debe. Immaculate aliiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akaifuta na kuipaka grisi. Ilipong'aa, hata yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba haina ubaya. Aliitia katika mfuko mpya wa plastiki akamkabidhi Boga, ambaye alilipa bei ya cheni mpya bila kuuliza swali.

"Mwenyezi Mungu akuzidishie, mdogo wangu," Boga alimwambia. "Umeniokoa."

Immaculate alihisi masikio yakimchoma moto. Angeweza kumwita arudi, maana Boga alikuwa bado anaifunga cheni pale pale kivulini. Hakumwita. Jioni baba yake alipouliza habari za duka, alimdanganya kwamba ilikuwa imebaki cheni moja nyuma ya mabomba ya moshi na ameiuza. Gedion alifurahi, akamsifu mbele ya mama yake kwa kuwa na jicho la biashara. Immaculate alikula ugali wake akiutazama ukuta.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Boga aliwasimulia wenzake kwamba kwa Gedion kuna binti mdogo anayejali wateja, na wateja wakaongezeka. Kila alipopita alipiga honi kumsalimu. Immaculate alianza kujifanya anatafuta kitu chini ya meza ili asionekane. Mpaka darasani aliona haya kumtazama Zainabu, ambaye hakujua lolote na aliendelea kumkatia kipande cha muhogo wake wakati wa mapumziko.

Cheni ilikatika Jumanne asubuhi, wiki ya tatu. Boga alikuwa amewabeba Zainabu na wale watoto wawili, wanakaribia shule. Cheni iliruka, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, na pikipiki ikaanguka mchangani. Wale wadogo walichubuka magoti. Zainabu aliangukia mkono wa kulia, mfupa ukapata ufa, akapelekwa hospitali Msambweni kufungwa plasta. Habari zilipofika darasani, Immaculate aliinamisha kichwa kwenye dawati. Mwalimu alidhani anamlilia rafiki yake, akampapasa bega. Hilo nalo lilimwongezea aibu, maana alikuwa akibembelezwa kwa kosa lake mwenyewe.

Wazazi wa wanafunzi walikasirika. Walisema Boga hatunzi pikipiki yake na hafai kubeba watoto. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Samuel, aliitisha mkutano Ijumaa ili waamue. Kuwabeba wanafunzi ndiyo kazi iliyomlisha Boga na mama yake, Bi Esha, miezi ambayo watalii ni wachache. Akiipoteza hiyo, hakuna mzazi mwingine atakayempa mtoto wake.

Siku ya Alhamisi jioni Boga alikuja dukani. Gedion alikuwa amerudi kutoka kazini na Immaculate alikuwa akimpangia vioo.

"Shikamoo, Baba Ima," Boga alisema kwa unyenyekevu, akatoa cheni iliyokatika kwenye mfuko. "Nimekuja kuomba radhi. Mtoto wako aliniuzia cheni nzuri, mimi nikaikaza vibaya. Nifundishe kuifunga, nisije nikaumiza watu tena."

Immaculate alitamani ardhi ipasuke immeze. Gedion aliichukua ile cheni, akaipitisha kiungo kimoja kimoja mkononi. Akafika kwenye kiungo kilichopondekapondeka kwa nyundo. Aliyekigonga alikuwa yeye mwenyewe, siku moja katikati ya mbio. Alinyanyua macho akamtazama binti yake, akangoja.

Immaculate alijua anangojewa. Aliokota kioo akaanza kukifuta.

Gedion alimwambia Boga kwamba ufungaji wake haukuwa na kasoro, na kwamba kesho atakuja mkutanoni aseme mbele ya wote. Boga alishukuru asielewe, akaenda zake. Hapo ndipo Immaculate alipoketi chini akaanza kulia, akaeleza yote, tangu debe hadi uongo wa mabomba.

Baba yake hakumpiga wala hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Alisema tu, "Duka ni langu, kwa hiyo nitasimama mimi kesho. Lakini Boga amejitwisha kosa lako, na wewe umemwacha aondoke nalo. Hilo siwezi kukuondolea mimi."

"Nitasema mwenyewe, Baba," Immaculate akajibu, na papo hapo akajuta kusema, kwa hofu.

Mkutano ulifanyika katika darasa la Gredi ya Nne, wazazi wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Boga alisimama mbele ameshika kofia yake. Alikubali kila lawama. Mama wa mmoja wa wale wadogo alisema kwamba mtu asiyejua kufunga cheni asipewe hata mbuzi wa kubeba, na baadhi ya watu wakacheka. Bi Esha alikuwa kwenye kona, amejifunika leso mpaka usoni.

Immaculate alisimama. Baba yake akasimama kando yake. Alishika dawati kwa mikono miwili.

"Kaka Boga hakukosea," alisema. "Cheni niliyomuuzia ilikuwa ya pikipiki ya mbio ya baba, ilikuwa imetupwa. Niliing'arisha nikasema ni mpya. Baba hakujua. Zainabu ameumia kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Macho yote yalimgeukia, na Immaculate hakuwa na meza ya kujificha chini yake. Yule mama alimuuliza kwa ukali kama angekuja kusema hayo iwapo mtoto angekufa. Immaculate akalia mbele yao. Gedion aliomba radhi, akaahidi kumfungia Boga cheni mpya na kugharamia matibabu ya Zainabu na ya wale wadogo. Mwalimu Samuel aliuliza kama bado kuna mzazi anayemkataa Boga. Mikono haikuinuka. Boga alivaa kofia yake akatoka, bila kumtazama Immaculate.

Wateja walipungua dukani. Wengine walisimama dirishani makusudi na kuuliza kama kipuri hiki ni kipya cha kweli au kipya cha Immaculate. Alijibu kwa adabu na kuwaonyesha. Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyastahili na alijua hivyo.

Jumapili iliyofuata mkutano, Gedion hakwenda mbioni. Yeye na Jemima walimchukua binti yao hadi kwa Bi Esha kumjulia hali Zainabu. Zainabu alikuwa mkekani, mkono kwenye plasta. Aliitikia salamu za wazazi, ya Immaculate akaiacha ipite. Immaculate alimpigia Bi Esha magoti akaomba msamaha.

"Inuka, mwanangu," Bi Esha alisema. "Mkono wa Zainabu uliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni Boga. Alikaa hapo mlangoni akijilaumu kwamba amemvunja mdogo wake. Mkono una plasta yake. Mtu aliyebebeshwa kosa la mwenzake hana dawa, isipokuwa mwenye kosa aseme. Wewe umesema, ingawa ulichelewa. Ukikosa tena, maana binadamu hukosa, sema siku ile ile, kabla mwingine hajalibeba."

Immaculate aliahidi. Wakati huo Boga aliingia kutoka barabarani, akawasalimu wazee, kisha akamtazama msichana aliyemdanganya.

"Zainabu hawezi kubeba mkoba kwa mkono ule," alisema hatimaye. "Kesho asubuhi nitakupitia. Utakaa nyuma yake umshikie."

Immaculate aliitikia kwa kichwa. Zainabu alinung'unika kwamba mkoba wake ni mzito na asiuangushe, kisha akajisogeza kidogo mkekani, nafasi ikapatikana ya mtu mmoja kuketi.