Usinipigie Makofi, Firmin

Mwaka ule Paris nzima ilipata wazimu wa kuvaa nyeupe. Mwanamke akitazama ile baleti mpya ya mizimu jioni, asubuhi anaamka anataka gauni la melimeli, kitambaa chepesi cheupe, anataka nywele zigawanywe katikati na kulazwa juu ya masikio, anataka maua kichwani, hata kama ana mabega ya mchukuzi. Sisi tuliwacheka, kisha na sisi tukavaa vilevile.

Ndiyo maana Jumamosi ile duka la vitambaa la kwenye ujia wenye paa la vioo halikuwa na pa kuweka mguu. Mabibi wenye mikono ya gauni iliyofura kama mito walisukumana mbele ya meza. Zélie Courtois akapenya katikati yao, mwembamba, shingo ndefu, shali ya kahawia begani, akaikamata ncha ya jora la mwisho la melimeli. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa bibi mmoja mnene.

"Achia, binti!"

"Niachie kwa lipi? Wewe unataka ya kutembelea, mimi nataka ya kazi!"

Muuzaji alikuja na mkasi kuamua ugomvi. Aliitwa Firmin Lavaud, kijana mrefu, kizibao cha rangi ya zabibu, tai imefungwa kwa madaha. Alimtazama Zélie, mkasi ukamning'inia mkononi.

"Samahani, bibi," akamwambia yule mnene. "Hili limeshauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa wa tatu kutoka kushoto."

Zélie alishtuka. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto: ndipo alipokuwa akicheza kila jioni katika jumba la maonyesho, mzimu mmoja kati ya mizimu ishirini na nne iliyovaa sawa.

"Umenijuaje, wewe?"

"Wote mnaruka. Wewe peke yako hutua bila kishindo."

"Mwongo mkubwa!"

"Haki ya Mungu."

"Na hayo macho, umeajiriwa nayo kutazama vitambaa au wasichana?"

"Leo yamegoma, mama. Nifanyeje?"

Alicheka. Na msichana wa Paris akishacheka nawe mbele za watu, jua umeshaingia moyoni.

Wakawa wanatembea pamoja Jumapili kando ya mto, wanakula njugu za kuchoma, Mama Courtois nyuma yao na mwavuli wake, maana mama wa mchezaji baleti hamwachi binti yake hata kidogo. Firmin alimwita "kaunyoya kangu." Zélie alimwita "bwana mkasi."

"Kuna mabwana wenye magari ya farasi wanasubiri kwenye chumba cha wachezaji," mama alimwambia binti yake bila kuficha. "Wenzako wanapandishwa mbele kwa neno la bwana mmoja tu. Wewe umeganda na muuza vitambaa."

"Nikipanda, mama, nitapanda kwa miguu yangu."

Na miguu hiyo, wallahi, ilikuwa na haki ya kujivuna. Tangu ana miaka saba alikuwa akifanya mazoezi. Ncha za viatu vyake vya satini alizishona mwenyewe kwa uzi mzito ili zimshike anaposimama juu ya vidole, na bado alivua soksi zikiwa na damu. Hakumlalamikia mtu.

Kisha bahati ikaja. Mchezaji aliyekuwa na sehemu ya peke yake katika tendo la pili aliteguka kifundo. Mkurugenzi wa jumba akamwita Zélie.

"Utacheza Jumatano na Ijumaa. Watu wakikupenda, sehemu ni yako. Wasipokupenda, unarudi mstarini, na sitakuita tena."

Jumatano ikafika. Sketi nyeupe tabaka juu ya tabaka, kifua cha gauni kilichombana, shada dogo la maua kichwani. Hatua ya kwanza, makofi. Mzunguko wa kwanza, makofi. Alipoinama mwisho, jumba lilitetemeka. Zélie alilia nyuma ya pazia kwa furaha, akamkumbatia mama yake mpaka shada likaanguka.

Kesho yake akaenda mbio kumtafuta Firmin ampe habari. Alimkuta kwenye mkahawa ulio mkabala na jumba, ameketi na wanaume kumi hivi. Mmoja wao, Barbou, mwenye viganja kama vifuniko vya sufuria, alikuwa akicheka kwa sauti.

"Firmin! Mchumba wako tulimpigia vizuri au siyo? Ule mzunguko wa kwanza nilihesabu, moja, mbili, mikono!"

Zélie aliganda mlangoni. Barbou alijulikana na kila mtu. Ndiye aliyeongoza wapiga makofi wa kazi, wale wanaokaa chini ya taa kubwa na kuuza makofi yao kwa wachezaji. Firmin alikuwa mmoja wao. Alifanya hivyo apate kuingia bure, amtazame.

"Kumbe!" Zélie alisema.

Firmin aliruka kitini. "Kipenzi, sikiliza. Hakuna aliyelipwa. Niliwaomba tu."

"Afadhali ungelipa! Umeniombea makofi kama omba-omba wa mlangoni pa kanisa!"

"Niliogopa watanyamaza."

"Uliogopa? Kwa hiyo hukuniamini! Ulinitazama jioni zote hizo ukaona siwezi?"

"Zélie, kila mchezaji hapa anapigiwa. Ndivyo mji ulivyo."

"Na mimi sijui sasa kama naweza kucheza au siwezi! Umeniibia hilo." Kidevu kilibaki juu. "Kesho usinipigie makofi. Wewe wala wenzako. Nikizomewa, nizomewe mimi."

"Utarudishwa mstarini!"

"Nitarudi. Lakini ukipiga hata kofi moja, usinijie tena maishani."

Akaondoka. Firmin akamgeukia Barbou na kumwomba kikosi kizima kinyamaze Ijumaa.

"Mwanaume gani anaomba mchumba wake anyamaziwe?" Barbou akashangaa.

"Anayempenda," Firmin akajibu.

Ijumaa jumba lilijaa. Firmin alikaa chini ya taa, mikono ameikunja ngumi mifukoni. Zélie akatoka, mweupe, peke yake. Hatua ya kwanza, kimya. Mzunguko wa kwanza, kimya. Watu waligeuza shingo kuwatazama wapiga makofi, maana walizoea kuambiwa pa kupenda. Nyuma ya pazia Mama Courtois alikuwa anatafuna leso. Firmin alijua kofi lake moja lingetosha kuwaamsha wote. Hakutoa mkono.

Zélie hakuharakisha. Alipanda juu ya vidole, akakaa huko, akakaa tena, akashuka bila kishindo. Akainama, kisha akainua uso akalitazama jumba lote machoni.

Kimya. Halafu huko juu kabisa, kwenye viti vya bei rahisi vya washona nguo na wauza samaki, mtu mmoja akapiga. Wawili. Kisha huku, kisha kule, ovyo ovyo, bila mpangilio, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka makofi yakafika kwa mabwana wa viti vya mbele. Hayakuwa ngurumo ya Jumatano. Lakini hakuna aliyeyahesabu, na Zélie aliyasikia hivyo hivyo, akainama tena.

Mkurugenzi akamwambia palepale jukwaani, "Sehemu ni yako."

Firmin alikuwa akingoja kwenye mlango wa nyuma, kofia kwapani.

"Sikupiga," akasema.

"Najua. Nionyeshe mikono."

Akaitoa. Viganja vilikuwa na alama nyekundu za kucha, kimoja kimetoka damu.

"Umejifanyia nini, bwana mkasi?"

"Ilitaka kupiga. Nilikazana nayo." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nisamehe, Zélie. Barbou nimeshamuaga. Nitanunua tiketi yangu kama watu wengine, nikae huko juu na wauza samaki."

Zélie alivishika viganja vile akavibusu, kimoja baada ya kingine.

"Basi nioe," akasema. "Lakini kucheza siachi."

"Nani kakwambia uache?"

Mama Courtois akakohoa nyuma yao, macho mekundu, leso imekwisha kuliwa.

"Makofi ya Jumatano yalikuwa makubwa zaidi," akanung'unika.

"Kweli, mama," Zélie akasema. "Ila ya leo ni yangu."