Kichwa Kimepoa, Mama Haamki

Fundi viatu alijua kumuuguza mkewe. Kipandauso kilipomshika, kichwa kikigonga upande mmoja na mwanga ukimchoma macho, alishusha pazia, akahamishia nyundo nje, akawakonyeza watoto wanyamaze. Nyumba nzima ilinyamaza, hata paka alijua.

Dada yake fundi ndiye hakunyamaza.

"Kaka, hukuoa mshonaji, umeoa malkia! Cherehani imejaa vumbi, yeye kalala."

"Anaumwa, dada. Punguza sauti."

Asubuhi moja nesi wa nyumba ya pili alikuja kuchukua viatu vyake.

"Shemeji, mgonjwa vipi?"

"Kichwa kimepoa tangu juzi. Anapumzika."

"Kimepoa? Sasa gizani anafanya nini?"

Fundi alimkabidhi nesi viatu vyake.

"Anakula?"

"Anaonja tu."

"Anazungumza?"

"Sisi hatumsumbui."

Nesi aliingia chumbani, akaketi kitandani. Fundi akabaki mlangoni.

"Shoga, leo sikuulizi kichwa. Moyo wako ukoje? Unawaza kufa?"

Mama aligeukia ukutani.

"Kila siku," akasema. "Humu ndani wananyata kama kuna maiti. Maiti mwenyewe ni mimi."

Fundi aliingia, akasogea kitandani.

"Hii inaitwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito," nesi alimwambia fundi. "Si uvivu wala wazimu. Mwenye kipandauso huipata kwa urahisi kuliko wengine, nayo ikimwingia, huzidisha kipandauso. Vyote viwili vina tiba."

"Lakini kumuuliza habari za kufa! Si utamtia mawazo?"

"Mawazo alikuwa nayo, shemeji. Mtu wa kumwambia ndiye hakuwa naye. Vaa viatu, twende kliniki sasa hivi. Asiachwe peke yake."

Daktari alimpa mgonjwa dawa za sonona na za kuzuia kichwa kisiume. Akamkataza kumeza vidonge vya maumivu kila siku, kwani vikizidi, navyo huleta kichwa. Akampangia pia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Nafuu haikuja kwa siku moja. Lakini miezi ilipita, kichwa kikawa kinauma kwa nadra, na cherehani ikalia tena.

"Moyo vipi leo?" fundi alimuuliza jioni moja.

"Una nafuu." Mkewe alikata uzi kwa meno. "Miaka yote ile uliniuliza kichwa tu."

"Nilidhani nakusaidia. Nisamehe, mke wangu."

"Bado," akasema, akavuta kitambaa, akaendelea kushona.