Mikono Iliyojua Kushika

Ilianza Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, kwa shughuli ya kawaida kabisa: kumtoa mtoto mikononi mwa mama na kumtia mikononi mwa baba.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na katikati yake ilipita korido nyembamba isiyo na dirisha. Chumba cha kushoto alikaa mama na mtoto. Chumba cha kulia alilala baba, ambaye alikuwa mwoka mikate. Aliondoka alfajiri kwenda kwenye tanuri, akarudi mchana, akajibwaga kitandani kama moja ya yale magunia ya unga aliyoshinda akiyabeba. Jioni ikifika, zamu ya mtoto ilikuwa yake, na kwa ajili hiyo kitanda kidogo cha mtoto kilikaa chumbani kwake.

Na zamu hiyo ilikuwa na utaratibu wake, uliotungwa na mama. Yeye alikuwa mpimaji katika maabara ya maji, mtu aliyezoea kuona kosa dogo likiharibu chupa nzima, na hakuona sababu ya mtoto kulelewa kwa kubahatisha. Mtoto aliamshwa na mwanga. Basi taa ya korido aliitoa kwa mkono wake, akaivingirishia gazeti, akaifungia kabatini. Mtoto aliamshwa na sauti. Basi pasiwe na sauti. Zamu ikifika, mama anasimama katikati ya korido, kwenye giza, na kunyoosha mikono. Baba anakuja, anapitisha mikono yake chini ya mikono ya mama, anapokea, anaondoka. Hakuna taa. Hakuna neno. Hata kukohoa hakuna.

"Yaani tunakabidhiana mtoto kama majambazi wanaogawana mzigo," baba alisema siku ya kwanza.

"Majambazi wana nidhamu. Wewe jitahidi tu uwafikie."

Baba alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, ugonjwa usio na tiba. Yeye alimwita mkewe Profesa. Alimwita mwanawe Honi.

Jina la Honi lilimfaa mtoto, hilo mama alikubali. Alilia akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Alilia akiogeshwa, akalia akikaushwa. Kilio chake kilikuwa na kwikwi mwishoni, kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha kikawaka. Na kila kilipowaka walitokea wajuzi. Jirani wa juu alijua ni tumbo. Jirani wa chini alijua ni macho ya watu. Kwenye kundi la akina mama la simu, mwanamke mmoja ambaye hakuweza kuandika sentensi moja bila vikatuni sita vya kucheka alijua kwamba mtoto anasikia wasiwasi wa mama yake. Mama alizipokea busara hizo zote huku akinyonyesha, akazidharau moja baada ya nyingine, na dharau hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake kubwa ya siku.

Starehe ya pili ilikuwa kufuma. Alikuwa ameanza sweta la mtoto tumbo lake likiwa bado dogo, akidhani likizo ya uzazi ni likizo. Sasa mtoto alikuwa na miezi mitatu na sweta lilikuwa na mkono mmoja.

Jumanne hiyo, basi, Honi alikuwa amelia tangu alasiri. Mama alimtembeza jikoni mpaka nyayo zikamwaka moto. Hatimaye mtoto akasinzia, ule usingizi wa kijanja wa kungoja mtu akosee. Mama akazima taa ya jiko. Akaingia koridoni. Akanyoosha mikono.

Akasikia ndara zikiburuzwa sakafuni, taratibu.

Mikono ikaja.

Ilipita chini ya mikono yake bila kupapasa. Kiganja kimoja kikakaa chini ya shingo, pale pale panapotakiwa. Kingine kikabeba makalio. Uzito ukaondoka kwake laini, kama maji yanavyomiminwa na mtu anayejua kumimina.

Kwa kawaida mumewe alimgonga kiwiko. Kwa kawaida alishika kichwa kwanza na miguu baadaye, kama anayepokea tikiti.

Hatimaye amejifunza, mama aliwaza. Miezi mitatu! Hata tumbili angekuwa ameshahitimu.

Kulikuwa na harufu. Aliisikia na akaipita. Mumewe alinuka hamira na unga ulioungua, hata baada ya kuoga. Hii ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha… kama chupa iliyosahaulika chini ya kitanda. Mama alijinusa begani, akadhani ni yeye. Katika siku hizo, kila kilichonuka kilikuwa yeye.

Akaingia chumbani, akafunga mlango, akachukua sindano na uzi. Akafuma safu moja. Akafuma ya pili. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo hakuwa ameisikia tangu atoke wodini.

Kisha mlango wa nje ukagongwa.

"Profesa! Fungua, mikono imejaa!"

Sindano ilisimama katikati ya kitanzi.

"Wewe! Nepi zitaanguka hizi!"

Sauti ilikuwa ya mumewe. Ilitoka nje. Nje ya nyumba.

Hakumbuki alivyofika mlangoni. Anakumbuka kitasa kilivyokataa kugeuka kwa sababu alikuwa akikigeuza upande usio wake. Mumewe aliingia na furushi la nepi kifuani, na hamira yake yote, akitabasamu.

"Umelala? Niliona uko jikoni unamtembeza, nikasema nisikushtue, niwahi dukani mara…"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si ulikuwa naye wewe?"

"Nimekupa wewe."

"Umenipa mimi? Saa ngapi?"

Alimsukuma, akakimbia. Jikoni hakuna. Koridoni giza tu na ile harufu, sasa nzito zaidi. Chumba cha kulia, kitanda cha mumewe hakijatandikwa, na kwenye kitanda kidogo cha mtoto, pembeni ya ukuta…

Alikuwepo.

Amelala chali, kimya, amefungwa shuka. Mama aliwasha taa. Hakuamka. Shuka lilikuwa limekunjwa kwa mikunjo midogo midogo, sawasawa, ncha yake imechomekwa mgongoni. Mama hakujua kufunga hivyo. Mumewe hakujua kufunga hata kamba za viatu vyake. Kwenye kona ya mdomo wa mtoto palikuwa na tone la maziwa, jembamba, la rangi ya kijivu.

"Si huyu hapa!" baba alisema, akipumua. "Umemweka mwenyewe ukasahau. Umechoka, mke wangu. Ona anavyolala! Honi imezimwa!"

Akacheka. Mama alimtazama mwanaume aliyeapa kuishi naye maisha yake yote, akaona kwamba hata nyumba ikiungua angesema leo kuna joto.

Alimfungua mtoto, akamkagua kama anavyokagua chupa za maabara. Vidole. Alama ndogo nyeusi nyuma ya sikio. Kovu la chanjo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akamtia titi mdomoni. Mtoto alifungua macho, akamwangalia kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chakula na ameshakula alikotoka. Kisha akageuza uso.

Baba, ili kumtuliza mkewe, alifanya jambo ambalo mke huyo alilidharau kuliko yote. Alimpigia simu mama yake mzazi, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama," mama alisema, kwa sababu hakukuwa na pa kukimbilia.

"Marahaba mwanangu. Huyo baba yake ananieleza mambo nusu nusu, anacheka cheka. Hebu nieleze wewe."

Akaeleza. Alitegemea kusikia habari za tumbo, au macho ya watu. Redio ilikuwa ikiongea upande wa mama mkwe. Ikazimwa.

"Ulimpa bila kusema neno?"

"Ndiyo utaratibu wetu, mama. Ili asiamke."

"Hakuna aliyekufundisha? Ukimpa mtu mtoto unasema, shika. Naye anasema, nimeshika. Ndipo unaachia. Hata mchana. Asiyejibu humwachii."

"Mama, hizo ni…"

"Ni nini? Sema tu, usiogope."

Mama alikuwa na neno tayari, neno la darasani, lenye makali. Akalimeza.

"Kwa nini?" aliuliza badala yake.

"Mimi sikuambiwa kwa nini. Niliambiwa niseme." Sauti ya mama mkwe ilishuka. "Lakini dada yangu aliyenifuata alikabidhiwa mtu kimya akiwa mchanga, usiku wa mvua. Asubuhi akawa mtoto mzuri mno. Hakulia tena. Alikua, akasoma, ana wajukuu sasa. Ila mama yetu hakumbeba tena mpaka anaingia kaburini. Alimpikia, alimvisha. Kumbeba, hapana."

"Alikuwa yeye au hakuwa yeye?"

"Mwanangu, mimi nitajuaje? Ndiye dada niliyepewa."

Baba aliacha kucheka, lakini ilimchukua muda.

"Nakuja kesho na basi la kwanza," mama mkwe alisema. "Mpaka nifike, msimpe mtu gizani. Mmenisikia? Msimpe mtu."

Simu ilipokatika, baba alikuna kichwa. "Mama naye na hadithi zake." Akaenda kula, akala vizuri.

Mama alikaa kitandani, mtoto mapajani. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama mawe, na hayakutoka hata tone. Alijaribu tena. Mtoto alikuwa mtulivu. Alikuwa na joto. Alikuwa na uzito uleule. Hakuna kipimo katika maabara yoyote ambacho kingemkataa. Na huo ndio uliokuwa mtihani, aliujua vizuri, akiwa ameinama juu ya uso ule mdogo: kama huyu ni mwanawe, basi yeye anapoteza akili. Kama si yeye, basi mwanawe yuko mahali, na ana njaa.

Kabla ya saa mbili, alisikia.

Mbali. Chini sana, kama kupitia ukuta wa pili, au wa tatu. Kilio chembamba. Mwishoni kikawa na kwikwi, ile ya pikipiki inayokataa kuwaka…

Kikawaka.

Kifua chake kikafunguka. Maziwa yalimwagika yenyewe, pande zote mbili, yakalowesha gauni, yakadondoka kwenye paji la uso la mtoto aliyempakata. Mtoto huyo alikuwa amelala. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Umesikia?" alinong'ona.

Mumewe aliacha kutafuna. "Nini?"

"Koridoni."

"Paka huyo."

Alimwita paka! Sauti ya mwanawe mwenyewe, aliyoitania miezi mitatu, aliyoipa jina. Mama hakubishana naye. Kubishana kunahitaji watu wawili.

Hakulala. Kilio kilikuja na kuondoka, na kila kilipokuja kilikuwa kimechoka zaidi.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, baba alivaa viatu akipiga miayo ya raha. "Leo nimelala kama binadamu," alisema mlangoni. "Unaona? Tatizo lilikuwa njaa ya usingizi. Mwache apumzike, na wewe upumzike. Mama atafika mchana."

"Nenda kazini," mkewe alisema.

Alisubiri mpaka hatua zake zikaisha barabarani. Kisha akafunga mlango wa jiko, akafunga wa kulia, akafunga wa kushoto. Akaziba mwanga wa chini ya milango kwa mataulo, kila ufa, kwa uangalifu wake wote. Akambeba mtoto, akasimama katikati ya korido.

Alijua mama mkwe amesema nini. Alijua pia kwamba basi la kwanza hufika mchana, na kwamba kilio cha mwisho alichosikia kilikuwa kifupi mno. Kilichobadilishwa kimya gizani, pengine kingerudishwa hivyo hivyo.

Akanyoosha mikono.

Giza halikuwa na sauti. Sakafu ya korido ilikuwa ya saruji. Alilifikiria hilo, alilifikiria kwa usahihi: kimo cha mikono yake, saruji, kichwa cha mtoto wa miezi mitatu. Alifikiria kwamba pengine huyu ndiye Honi, aliyejifunza tu kulala, na kwamba wajuzi wote walikuwa sahihi, na mumewe naye.

Mtoto aligeuza kichwa. Hakumgeukia yeye. Aliligeukia giza.

Harufu ikaja. Maziwa yaliyochacha.

Nyuma ya harufu, karibu sana sasa, pumzi ya kwikwi. Moja. Gauni lake likalowa mpaka tumboni.

Chini ya mikono yake kulipita kitu. Au alitaka kipite. Hakukitambua kama ni kiganja au ni kutetemeka kwake mwenyewe. Alisubiri kiseme. Hakikusema.

Naye hakusema.

Akaachia.