Unanipenda Nikiwa Nimekaa

"Mbona umetutupa hivyo, dada? Au goti limejiponea lenyewe?"

Fundi wa kuezeka mapaa alikuwa kitini, mguu juu ya mto. Aliyepiga simu alikuwa tabibu wa mazoezi, yule mama aliyemshughulikia baada ya upasuaji wa goti.

"Nimewatupa vipi, mama? Si mlisema nipumzike?"

"Nani alisema?"

"Mlimwambia mchumba wangu. Kwamba kano mliyonipandikiza ni dhaifu, nisipande ngazi tena maisha yangu yote."



"Dada, mchumba wako ndiye aliyetupigia akasema umeacha mazoezi kwa hiari yako. Kano mpya haipati nguvu kwa kulala. Paja likinywea, goti litashikiliwa na nini? Fanya mazoezi sawasawa, kwenye paa utarudi. Si kesho, lakini utarudi."

Fundi alikata simu. Alikuwa ameezeka nusu ya nyumba za mtaa ule, anatembea juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, kama yuko sebuleni kwake. Tangu aanguke akishuka ngazi na goti kuteguka, alikuwa ameililia kazi yake kama mtu aliyefiwa. Kumbe aliyekuwa akimliza ndiye anayemletea chai kitandani!

Mchumba mwenyewe, dereva wa lori la vifaa vya ujenzi, aliingia jioni na tabasamu lake lote.

"Mpenzi, umeshindaje?"

"Tabibu amepiga simu."

Tabasamu likafutika.

"Amesema nini?"

"Sema wewe."

Dereva akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Nilikuona ukianguka. Ule ukelele mpaka leo nausikia. Nikasema huyu harudi juu tena, nitamlisha mimi. Nilifanya kwa mapenzi."

"Mapenzi! Hebu tazama paja hili. Nikisimama goti linaniachia, naenda chooni kwa kushika ukuta, na wewe unanishika mkono huku dawa yake unaijua!"

"Punguza sauti, mama yako yuko jikoni, atasikia."

"Asikie! Na majirani wasikie! Wewe hunipendi mimi. Unanipenda nikiwa nimekaa."

Mama alikuwa ameshasikia. Alitokeza kutoka jikoni akijifuta mikono.

"Mwanangu, mwanamume anayekujali hivi utampata wapi? Msamehe, muoane, yaishe."

"Nikiolewa leo, mama, naolewa kama mgonjwa wake. Sitaki. Naenda mazoezini, harusi itasubiri."

Dereva akaondoka bila kuaga. Usiku haujaingia, ujumbe ukafika:

"Nisamehe. Kesho nikupeleke hospitali?"

"Nitapanda basi."

"Utaumia."

"Goti ni langu."

Akaanza upya. Kuchuchumaa mgongo ukutani. Kupanda kidato kimoja na kushuka polepole. Kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, huku akitoa maneno ambayo tabibu alijifanya hayasikii. Siku goti lilipovimba akaamriwa apunguze, na alinuna kutwa nzima.

Siku moja Dereva akaandika: "Nilimwambia bosi wako umeacha kazi. Leo nimekwenda kumwambia nilidanganya."

Fundi aliusoma ujumbe ule mara kadhaa. Alijibu kesho yake: "Asante. Bado nina hasira."

Miezi ikapita. Tabibu akamwambia aruke kwa mguu uliopasuliwa, atue na atulie. Akaruka. Akatua. Goti halikuyumba hata kidogo.

"Kapande," tabibu alisema. "Anza na mapaa ya chini."

Wiki hiyohiyo Dereva alileta mabati kwenye nyumba moja mpya, akamwona mtu juu ya kenchi. Moyo ukampasuka.

"Shuka tuzungumze, mpenzi!"

"Niko kazini. Panda wewe."

"Unajua mimi na ngazi hatuivi chungu kimoja."

"Basi shusha mabati uende."

Mafundi waliokuwa chini wakaangua kicheko. Dereva akaishika ngazi, akapanda jasho likimtiririka, akafika juu na kulikumbatia boriti kwa mikono miwili.

"Usitazame chini," Fundi alisema. "Nitazame mimi."

Akamtazama. Alikuwa amesimama miguu imara, nyundo kiunoni, uso umenawiri kama hajawahi kuugua. Dereva akaona aibu. Hayo yote ndiyo aliyotaka kumnyang'anya.

"Ukioa, unamwoa huyu wa huku juu. Naweza kuanguka tena. Nikianguka utanipeleka hospitali, na utaniambia kila neno la daktari kama lilivyo. Unaweza?"

"Naogopa."

"Sikukuuliza kama unaogopa."



"Naweza."

"Basi wakitupandishia bati, shika upande wa kule. Mambo ya harusi tutazungumza tukimaliza kuezeka."