Madole Thelathini na Mawili

Kila asubuhi Mzee Gathogo alivaa koti lake na kupita kwenye kijia cha mtaa wao, huko Kamenu mjini Thika. Alikanyaga jiwe moja baada ya jingine, kwa maana maji ya bafu na ya kufulia yalikuwa yamejaa njiani. Yalinuka. Mvua ikinyesha, yaliingia hadi chini ya vitanda.

"Mwenyekiti, umeamkaje?" aliita Akello, muuza samaki wadogo wa omena. Alikuwa akitoa maji machafu nyumbani mwake kwa sufuria kuukuu.

"Vizuri, Mama Maxine. Serikali itatuona tu."

"Lini? Maxine alitoka hospitali jana. Tumbo tena."

Gathogo alikohoa, akapita.

Alijua jambo ambalo Akello hakulijua. Ofisi ya wadi ilikuwa imetangaza pesa za miradi ya mitaa duni. Kila mtaa ulitakiwa kuleta ombi lililokubaliwa na wakazi katika mkutano. Gathogo aliliandika peke yake, mezani kwake. Aliomba taa kubwa ya mulika mwizi, ya kuangaza mtaa usiku, kama ile ya mtaa wa pili.

"Mkutano umefanyika lini?" mkewe, Waruguru, alimuuliza.

"Mikutano ni kelele tu. Mimi nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, usiku mpaka nikapata cheti. Wao wataniambia nini?"

Aliandika majina thelathini na mawili ya majirani. Kando ya kila jina alibandika dole lake mwenyewe lenye wino.

"Na Akello anajua?"

"Atajua taa ikiwaka."

Siku ya Jumatatu alipeleka ombi kwa Wangechi, afisa wa maendeleo ya jamii. Wangechi alisoma, kisha akaipeleka karatasi karibu na dirisha.

"Mzee, mwandiko wako ni mzuri sana."

"Asante, mwanangu."

"Lakini hawa watu wote walikatwa dole mahali pamoja? Tazama. Kila alama ina mstari mweupe katikati."

Gathogo alificha mkono mfukoni. Lile kovu alilipata zamani, akivuna mananasi. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanasikiliza. Masikio yake yalipata moto.

Wangechi alishusha sauti. "Babu, hizi ni pesa za umma. Kumwekea mtu dole bila yeye kujua ni kughushi. Watu hufungwa kwa hilo. Mimi sijaipokea karatasi hii. Rudi nayo. Siku ya mwisho ni Ijumaa, na mkikosa mtangoja mwaka mwingine."

"Niandikeje sasa?"

"Usiandike kwanza. Ita watu wote: wapangaji, wenye nyumba, akina mama, vijana. Waseme shida zao, wachague moja. Mwandishi aandike yote yaliyosemwa. Hizo ndizo kumbukumbu za mkutano. Halafu kila aliyefika aweke sahihi yake, au dole lake mwenyewe."

Gathogo aliwaita watu, na Jumatano wakajaa kanisani kwa mkutano. Alikuwa amepanga kusema kwamba ombi la kwanza lilipotea. Kisha akamwona Akello akiingia na Maxine mgongoni, mtoto amelegea kama kitambaa. Akauacha ule uongo.

"Niliomba mradi bila kuwauliza," alisema. "Niliwawekea madole, nyote. Ni hili hapa." Aliinua mkono.

Kijana mmoja akapasua kicheko. "Kumbe mtaa mzima tuko na kidole moja!"

Wakacheka wote. Gathogo aliona afadhali wangemtukana. Akello peke yake hakucheka.

"Uliniombea nini, Mzee?"

"Taa."

"Taa? Ndiyo nione vizuri maji yakiingia kwangu?"

Gathogo alitazama viatu vyake.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Karibu wote walitaka mtaro wa maji machafu. Walimchagua Akello awe mwenyekiti mpya. Ikabaki kutafuta wa kuandika.

"Aandike yeye," alisema Akello. "Mwandiko anao. Lakini aandike tunayosema sisi. Na aanze na hayo ya madole."

Gathogo aliandika. Herufi zake zikapinda kama za mtu wa darasa la kwanza.

Ijumaa Wangechi alilipokea ombi lao. Miezi ilipita, wakapewa mradi. Mtaro ulichimbwa, ukajengwa kwa mawe na kufunikwa. Mvua za masika zilipokuja, maji yalipita chini kwa chini mpaka mwisho wa mtaa. Kwa Akello sakafu ilibaki kavu, na msimu mzima Maxine hakuugua tumbo.

Siku moja wageni walitoka Gatongora, kule Ruiru, kuuliza jinsi mtaa ulivyofaulu. Akello alimwomba mwandishi awasomee kumbukumbu.

"Ruka ule ukurasa wa kwanza," Waruguru alimnong'oneza mumewe.

Gathogo aliufungua ukurasa huohuo, akausoma neno kwa neno.

Mgeni mmoja, mzee wa rika lake, alifyonya. "Aibu gani hii! Na huyo mwenyekiti mlimpeleka wapi?"

Gathogo alivua kofia yake.

"Ni mimi," alisema. "Walinibakisha niwaandikie."