Aliyeshika Kamba

Jioni ile tulikuwa na kazi ndogo tu: kutoka nje ya bandari, kukijaribu chombo kipya, kurudi kula. Chakula nilikiacha jikoni kimefunikwa. Mume wangu alisema tutakikuta bado cha moto, na mimi nikamjibu kwamba tangu anioe sijamwona akikikuta chakula cha moto.

Chombo chenyewe ni cha kushika usukani. Kinafungwa nyuma ya boti ya tanga, na hakili umeme wala mafuta. Juu kina ubao mwembamba unaosimama kwenye upepo, chini kina kasia lililozama majini. Boti ikiacha njia yake, upepo unaulaza ubao, ubao unaligeuza kasia, na kasia linavuta kamba zilizofungwa kwenye mpini wa usukani. Boti inarudi njiani, na wewe umekaa zako unakunywa chai. Watu wa boti wanakiita mtu wa tatu.

Tulikihitaji kweli. Bega la mume wangu la kulia liliwahi kuteguka na halikupona sawasawa. Mkono ule hakuweza kuuinua kupita kidevu. Na tulikuwa tumepanga kuvuka bahari, sisi wawili peke yetu, kwenda kumwona binti yetu aliyejifungua. Chombo cha umeme kingetumalizia betri. Aina nyingine ya chombo cha upepo, yenye usukani wake kamili, ilikuwa nzito mno kwa boti ndogo kama yetu. Tukaangukia kimoja kilichokwishatumika, chuma chake hakina hata doa la kutu, kimelala kwenye stoo ya gati.

Fundi wa gati, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko nati zake, siku hiyo alisema machache.

"Kimetoka kwenye boti iliyookotwa baharini. Tanga juu, kamba ya nyuma inaburutwa, mtu hamna. Chuma chukueni. Ubao na kamba chomeni, mtengeneze vingine. Hapa kwetu vitu hivyo viwili vya mtu aliyepotea hatuvifungi."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ubao ndio uliomwacha. Na kamba ndiyo anayoitafuta."

Kamba ya nyuma kila boti yenye chombo hicho inayo. Ni ndefu, ina mafundo ya kushikia, na inaburutwa majini safari nzima. Chombo hakina macho. Ukianguka, kinaendelea kuiendesha boti vizuri kabisa bila wewe, na kamba hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho.

Mume wangu alicheka. Alisema ubao ule una mizani safi, na kukata mwingine ni kujitafutia kazi. Mimi ananiita Mkaguzi, kwa sababu hakuna boliti anayoikaza nisiipitie. Basi niliikagua kamba yote kwa vidole, fundo kwa fundo. Haikuwa na kasoro. Nikaipitisha.

Tulitoboa nyuma ya boti, tukapaka gundi ya kuzuia maji, tukakaza: yeye ndani na spana, mimi nje nimening'inia, tukilaumiana kuhusu kila tundu. Ilikuwa siku nzuri. Naikumbuka yote.

Tulipotoka bandarini jua lilikuwa linazama. Alivaa jaketi lake la kuelea, la rangi ya machungwa, kwa sababu nilimlazimisha. Akaelekeza boti, akafunga kamba za chombo, akauachia usukani.

Mpini ukasogea wenyewe. Tik... ukarudi. Tik... ukarudi.

Nilipiga makofi kama mtoto. Yeye akainama nje kurekebisha kamba moja iliyokuwa inasuguana na chuma. Wimbi dogo likapita. Sikusikia yowe, nilisikia maji tu.

Nilipogeuka, hapakuwa na mtu.

Nikaurukia usukani. Haukugeuka. Nikavuta pini inayoachanisha chombo na mpini, pini niliyoipaka grisi mwenyewe asubuhi, ikakataa. Nikautazama ubao. Upepo ulikuwa unatoka kulia, naona shavu langu linapigwa. Na ubao ulikuwa umelala kulia.

Ubao haulali kuelekea upepo. Haiwezekani.

Ndipo kamba ya nyuma ikakaza.

Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli. Niliivuta kwa nguvu zangu zote, nikimwita, nikimtukana, nikimshukuru Mungu. Harufu ikaja kwanza... tope, na majani ya baharini yaliyooza. Kisha mkono ukashika ngazi. Akapanda.

Uso ulikuwa wake. Hakuwa anahema.

"Umeumia?" nikanong'ona.

"Hapana."

"Jaketi lako liko wapi?"

Alijitazama kifuani, kana kwamba nimemuuliza habari za mtu mwingine.

"Nimelivua."

Hakuna mtu anayeanguka baharini akavua jaketi. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, na ndipo nikasikia. Kwa nyuma. Kwenye giza lililokuwa linaingia.

"Mkaguzi..."

Nikamtazama aliyekuwa mbele yangu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Mkaguzi... siioni kamba..."

"Umesikia?" nikauliza.

"Ni upepo," alisema. "Twende nyumbani."

Nilichukua boya la kuokolea, lile lenye taa, nikalirusha kule sauti ilikotoka. Taa yake ikabaki inapepesa juu ya maji, inarudi nyuma, inakuwa ndogo. Nikakimbilia redio. Waya wake ulikuwa umeng'olewa. Nikakimbilia mlingoti nilishushe tanga, maana boti bila tanga haiendi popote. Nikamkuta ameshafika. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeinuka wote, umeshika kamba ya tanga pale nisipoweza kuifikia.

Ule mkono wa bega bovu.

"Acha," alisema taratibu. "Utachoka bure."

Boti ilijipeleka bandarini yenyewe. Ilipinda kwenye taa za lango, ikapita katikati ya boti nyingine, ikaenda kusimama mahali petu bila kugusa chochote. Mimi nilikuwa nimekaa chini nalia. Yeye alikuwa nyuma, ameweka kiganja juu ya ubao.

Kabla haijafungwa niliruka gatini, nikakimbia mpaka ofisi ya uokoaji. Ofisa alikuwa kwenye meza yake, redio mbele yake.

"Mume wangu yuko majini. Amevaa jaketi la kuelea, na kuna boya lenye taa karibu yake. Tumeni boti sasa hivi."

Alikuwa mtu wa kazi. Hakuuliza mara mbili, alishika redio palepale.

"Mlikuwa wangapi ndani?"

"Wawili."

Akatazama nyuma ya bega langu. Akairudisha redio mezani, polepole.

"Shemeji," alisema kwa upole, "mmetoka wawili. Mmerudi wawili."

Yule niliyempandisha alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, kamba ya nyuma ameizungusha mkononi. Pembeni yake alikuwa fundi wa gati, aliyetuona tunaingia.

"Ameshtuka," alisema yeye. "Nilianguka, akanivuta mwenyewe. Bila yeye nisingerudi."

Kila neno lilikuwa kweli.

"Mwambie," nilimsihi fundi. "Wewe unajua. Mwambie."

Fundi aliitazama kamba ile. Aliutazama mkono ulioishika, akasogea hatua nyuma.

"Mshukuru Mungu, dada, umerudi naye," alisema. Akaondoka bila kugeuka.

Nilimng'ang'ania ofisa mpaka nikamchania mfuko wa shati. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye kiti, akamletea mwenzangu taulo, akanimiminia chai. Alisema bahari humfanyia mtu hivyo, akilala kesho atakuwa sawa.

Mkono wa baridi ukaja juu ya bega langu, ukatulia pale.

Nikaeleza tena, taratibu, bila kulia, ili ofisa anisikilize. Maji ya msimu huu si baridi. Mtu mwenye jaketi anaweza kuelea mpaka asubuhi, akaokolewa, kama yupo wa kumfuata.