Nyonga ya Mama Waridi

Jumanne, saa mbili asubuhi, katika kliniki moja ya binafsi kule Kigobe, Daktari Herménégilde aligundua kwamba nyonga ya Mama Waridi imeibiwa. Mwenye nyonga alikuwa nyumbani kwake Buyenzi, ameikalia kama kawaida. Kilichoibiwa ni picha yake, na mahali pake pamewekwa picha ya nyonga ya mtu mwingine.

Kabla ya adhuhuri polisi walikuwa wameshamfunga Arnaud, fundi wa mashini za picha. Kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe kwa mwendesha mashtaka, na ukifika huko kutoka kwake si mchezo.

Saa nane akaingia Epiphanie, ofisa wa upelelezi, mwanamke mnene anayekaa kila mahali kama amealikwa.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alimwambia daktari.

"Mama yangu ni profesa."

"Basi kama unavyomweleza wa kwangu. Anauza samaki wa ndagala sokoni."

Daktari alieleza. Kliniki ilikuwa kwenye utafiti. Wagonjwa waliwekewa nyonga ya chuma bure, halafu wakafuatwa kwa picha kuona kama chuma kimetulia au kinatembea. Siku ya operesheni, daktari alipanda vishanga vidogo vya chuma ndani ya mfupa. Baadaye mashini mbili zilipiga picha kwa wakati mmoja, ikapimwa nyonga imesogea kiasi gani kutoka kwenye vishanga.

"Vishanga vyenyewe havihami," alisema. "Vya Waridi nilivipanda vimepinda kama kijiko. Kwenye picha ya jana vimetawanyika kama mguu wa kuku. Huyu si Waridi. Na kompyuta ya picha anaishika Arnaud peke yake."

"Hiyo picha ya jana inasema nini?"

"Nyonga imetulia kabisa."

"Inamfaa nani, nyonga iliyotulia?"

Daktari alikohoa. "Mimi, kusema ukweli. Wafadhili wanakuja karibuni. Lakini ni mimi niliyewaita polisi, madame."

"Nimesikia. Na picha ya kabla ya hiyo?"

"Tuliipiga kabla ya Ramadhani. Ilikuwa imesogea kidogo sana. Kawaida." Akaifunga haraka kuliko mtu anavyofunga kitu cha kawaida.

Epiphanie aliiona ile haraka, akaiweka akilini. Kidole chake kilikuwa kwenye picha nyingine. "Na hizi?"

"Hizo za bega. Mwenye nyonga mbovu anaegemea fimbo, na bega ndilo linalolipa. Siku ileile tunapiga ekografi, picha ya mawimbi ya sauti, tunaona misuli inafanya kazi namna gani."

"Huu mwanya mweusi ni nini?"

"Msuli umechanika. Waridi yuko nao tangu zamani."

"Kwenye ya jana siuoni."

Daktari alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Hauko," alisema polepole.

"Msuli wa bibi wa umri ule unajishona?"

"Apana. Haujishoni."

Saa tisa Epiphanie alikuwa chumba cha mahabusu. Arnaud alikuwa amekaa sakafuni, bado na blauzi yake nyeupe ya kazi, sasa si nyeupe sana.

"Niambie ya jana. Mama Waridi alikuja vipi?"

"Kama siku zote, amevaa nikabu. Wamama wa Buyenzi huwa anawalaza Houda, msaidizi wetu, mi nakaa nyuma ya mlango. Lakini Houda alikuwa na mtoto mgonjwa. Mama akaniambia nibaki palepale nje, atajilaza mwenyewe."

"Akajua kujilaza?"

"Alijilaza vizuri kuliko vile ningemwambia. Kwa ekografi nikaingia, bega akalitoa kwenye nguo, mi macho yangu kwenye mashini. Na siku hiyo hakunitukana."

"Anakutukanaga?"

"Kila mara. Anasema meza yangu ni baridi kama maiti. Jana, kimya."

Epiphanie alicheka kidogo, halafu akaacha, maana kijana hakuwa anacheka. Epiphanie ndiye aliyetia sahihi afungwe. Alikuwa ametia sahihi upesi, kabla ya chakula.

Kwenye gari alipanga mambo. Mtu anayetaka kudanganya habari ya nyonga atabadilisha nyonga. Bega ana haja nalo gani? Kama mabega nayo yamebadilika, basi hakuna aliyegusa kompyuta. Picha zilikuwa za kweli. Mwili ndio ulikuwa wa mwingine, na ulikuwa mwili uliozoea meza ile.

Alimpigia daktari simu. "Tafuta kwenye wagonjwa wako nani ana mguu wa kuku."

Jibu lilikuja kabla hajafika Buyenzi: Khadidja, nyonga ya upande uleule, jirani wa Waridi.

Aliwakuta wote wawili uani, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Pembeni palikuwa na kiti cha plastiki chenye jina la kliniki, juu yake beseni la sambusa.

"Karibu, mama polisi," alisema Waridi. "Kaa kwenye mkeka. Hicho kiti kina kazi."

"Kazi yake ni sambusa?"

"Walitupatia kila mutu chake, cha kuswalia," Khadidja akajibu. "Daktari alitukataza kuinama mpaka chini. Changu kiko ndani, kwenye msala."

Epiphanie alimtazama Waridi. Katikati ya paji lake la uso ngozi ilikuwa imekwaruzika, nyekundu bado, kama ya mtu aliyerudi karibuni kuweka uso chini.

"Arnaud yuko mahabusu," alisema. "Kesho anapelekwa kushtakiwa. Wanasema alibadilisha picha yako."

Khadidja aliacha mchele. "Waridi, we sema. Ama nitasema mi."

"Kijana wa mashini?" Waridi aliuliza. "Yule wa meza baridi?"

"Huyohuyo."

Waridi alijifuta uso na ncha ya mtandio. "Nilikaa kwenye kiti, nilikaa mpaka nikachoka. Ramadhani ikaingia. Kwenye tarawehe wanawake wote chini, mi peke yangu juu kama mbunge. Nikaona haya mbele ya Mola wangu. Nikashuka. Tangu hapo nyonga inanichoma usiku na mchana. Nikajua nimeiharibu mwenyewe."

"Ungemwambia daktari."

"Nimwambie, halafu? Kuna wamama wa hapa wanangoja nyonga za bure. Angesema watu wa msikiti hawasikii, awarudishe wote, juu yangu. Kila nikimuona mmoja anachechemea, nageuka njia. Tukasikia Houda hayuko kazini. Nikamuomba huyu aende kwa jina langu."

"Alikuwa analia," Khadidja alisema. "Mi nyonga yangu nzima. Nikaona namuazima tu, jioni inarudi."

Epiphanie aliuma mdomo asicheke. "Mmedanganya kliniki, na mutu amelala ndani kwa sababu yenu. Simameni. Twende."

Saa kumi na moja, Kigobe. Houda aliitwa, akamlaza Waridi, na matusi ya meza yakasikika mpaka nje. Picha ikatoka. Vishanga vilikuwa kijiko.

Daktari alipima kwenye kioo, kisha akapima tena.

"Imesogea?" Waridi aliuliza. "Sema tu. Najua ni sijida zangu."

Epiphanie akavuta kiti karibu na daktari. "Fungua ile ya kabla ya Ramadhani. Ile ya kawaida."

Aliifungua. Mkono wake haukuwa na haraka tena.

"Kuinama kungeitoa nyonga kwa nyuma," alisema. "Hii inazama chini. Ilianza kuzama kabla ya Ramadhani, mama, ungali unaswali kwenye kiti. Nilikuwekea chuma chembamba kuliko mfupa wako. Cha kipimo chako hakikuwepo siku ile, nikasema kitashika. Picha ilinionyesha kwamba hakishiki. Nikaandika kwamba ni kawaida."

"Kumbe mi nimelia mwezi mzima juu ya kosa lako," alisema Waridi.

"Ndiyo, mama. Nitakuita kwa upasuaji upya, na chuma cha kipimo chako. Na wale wanaongoja watapata zao."

"Na Arnaud?" aliuliza Epiphanie. "Mi nimemfunga, nitamfungua. Lakini aliyemtaja ni wewe."

Walikwenda wote. Mahabusu, daktari aliomba msamaha, Waridi akaomba, Khadidja akaomba. Epiphanie aliomba wa mwisho, kwa sauti ndogo. Arnaud aliwasikiliza akifunga kamba za viatu.

"Hapa ndani nani amewasikia?" alisema. "Mulinitoa kwangu Carama asubuhi, nimeshavaa blauzi niende kazini, daktari ukiwa mbele kwenye gari unaonyesha kidole. Majirani walikuwa wanateka maji. Mke wangu alikuwa mlangoni."

Hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Jioni bado ina mwanga, kwenye bomba la Carama, watu waliweka madumu chini kumtazama daktari mzima wa Kigobe amesimama kwenye matope. Aliinamisha kichwa, akaanza kusema kwamba Arnaud si mwizi, na kwamba kosa lilikuwa lake.

Waridi, akiegemea fimbo, alimvuta mkono wa koti.

"Sema kwa nguvu, daktari," alimwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."